Ulikuwa Wapi Mwaka Mzima?

Swali hilo huja katikati ya intavyu, baada ya salamu na kabla ya kugusia mshahara. Anayekuhoji ameshika wasifu wako, kidole kimesimama kwenye mstari mmoja, kisha anainua macho. "Hapa uliacha kazi Machi 2023, halafu sioni kitu mpaka mwaka uliofuata. Katikati ulikuwa wapi?" Kwa mtu aliyekuwa mgonjwa, hapo ndipo penye ugumu kuliko mahojiano mengine yote. Kuna wanaoanza kusimulia mambo ambayo hata ndugu zao hawajaambiwa. Kuna wanaodanganya. Kuna wanaoinamisha kichwa na kunyamaza, na ukimya wao ukachukuliwa kuwa jibu, tena jibu baya.

Nawaandikia watu wa huku kwetu, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda: Port Victoria, Budalangi, Funyula, Busia mjini na Malaba. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umeandikiwa watu wa miji mikubwa, ambako anayekuhoji hakujui wala hamjui yeyote atokaye kwenu. Huku mambo ni tofauti. Ukipanda matatu ya alfajiri Port Victoria kwenda kuhojiwa Busia, usishangae kukuta mmoja wa wanaokaa upande wa pili wa meza ni mzaliwa wa kwenu Bunyala, au mkewe ni muuguzi, au shemeji yake alikuona ukishushwa kwenye pikipiki mbele ya hospitali umejifunika leso. Unaweza kudhani unaficha jambo, kumbe unamficha mtu aliyekwisha kulisikia, na alivyolisikia limetiwa chumvi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "watajua?" Swali ni nani atakayelieleza kwanza, na kwa maneno gani. Ninashikilia kwamba mwajiri anastahili kujua mambo mawili tu: kwamba muda ule ulipita kwa sababu inayoeleweka, na kwamba leo kazi unaiweza. Jina la ugonjwa halimo katika hayo mawili. Ukilitaja, iwe ni kwa sababu umeamua mwenyewe ukiwa nyumbani, umetulia, wala si kwa sababu mtu amekukazia macho.

Kabla ya mbinu, kwanza ondoa aibu, kwa maana aibu ndiyo inayoharibu majibu mengi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, akishatumikia miezi 2 mfululizo, angalau siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Hicho ndicho kiwango cha chini, na waajiri wengi wa mpakani hawaongezi hata siku moja. Sasa linganisha na matibabu. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Mguu uliovunjwa na bodaboda unaweza kuchukua zaidi ya hapo. Mama anayepelekwa Eldoret katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kwa matibabu ya saratani hupanda na kushuka njia hiyo mwezi baada ya mwezi. Siku 14 haziwezi kubeba miezi 6. Ng'ambo ya pili, Uganda, sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza, na hata huko, ugonjwa ukipita miezi 2, mwajiri anaruhusiwa kusitisha mkataba. Pengo lililo kwenye wasifu wako halikuletwa na uvivu. Liliundwa na hesabu hizo, na watu wa rika lako walio na pengo kama hilo ni wengi kuliko wanaolisema.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa kuwa swali huanzia pale.

Watu wengi wa huku huandikiwa wasifu kwenye saiba. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, unamtajia kijana tarehe zako, yeye anachapa, na nyuma yako kuna wawili wanaosubiri kuchapishiwa fomu za KRA. Faili lako linaachwa kwenye kompyuta hiyohiyo, limepewa jina lako, pamoja na mafaili ya wengine waliopita wiki hiyo. Kisha karatasi inaingia kwenye bahasha ya kaki, inapokewa na mlinzi, inapita kwa karani, inakaa juu ya meza ambayo yeyote anaweza kuifunua. Kwa safari ya namna hiyo, jina la ugonjwa halifai kuandikwa hata kwa ufupisho. Andika mstari mmoja tu kwenye mfululizo wa kazi zako, kwa mwandiko uleule wa mistari mingine: "Machi 2023 hadi Februari 2024: mapumziko ya matibabu, yamekamilika." Kisha mwombe kijana alitume faili kwenye barua pepe yako na kulifuta mbele yako. Hatakasirika. Wengine huombwa hivyo kila siku.

Kuna wanaoshauri uandike miaka peke yake bila miezi, ili pengo lisionekane. Kwa pengo la miezi 4 au 5 sioni ubaya, maana hakuna kilichopotoshwa. Kwa pengo la mwaka mzima mbinu hiyo haisaidii. Anayeajiri amesoma wasifu wengi, na akigundua kwamba umepanga tarehe ili asione, ataanza kutafuta kingine ulichopanga.

Hapa mpakani pana jambo ambalo lazima ulielewe kabla hujaamua kunyamaza. Katika kampuni za uwakala wa forodha pale Malaba na Busia, katika maghala, katika vituo vya mafuta, kwa wenye malori, mwaka usiokuwa na maelezo haumfanyi mtu afikirie ugonjwa. Unamfanya afikirie magendo. Anafikiria stakabadhi zilizoghushiwa, mzigo uliopotea, kesi, au miezi kadhaa korokoroni. Karani anayesema kwa utulivu "nilikuwa naumwa" amemwondolea mwajiri hofu kubwa kuliko ile aliyomwachia. Ndiyo maana mimi si mmoja wa wale wanaosema ugonjwa usitajwe kabisa. Neno "matibabu" litaje, ulitaje mapema, na ulitaje wewe.

Jibu lenyewe linataka sentensi tatu au nne. Chukua mfano wa kijana aliyekuwa karani wa ghala, akaugua, na sasa anaomba kazi kama ileile kwa mfanyabiashara wa Busia:

"Machi 2023 niliugua, nikalazimika kuacha kazi ili nipate matibabu. Matibabu yamekwisha na daktari ameniruhusu kufanya kazi. Tangu nipate nafuu nimekuwa nikimwekea dada yangu hesabu za omena pale Marenga: magunia yanayoingia, yanayouzwa na madeni. Kazi hii mliyotangaza inahusu mambo hayohayo, ndiyo maana nimeiomba."

Tazama jinsi jibu hilo linavyotembea. Limeanza na ugonjwa, halikukaa hapo. Limefunga mlango wa ugonjwa kwa neno "yamekwisha." Limeonyesha mikono haikulala. Limeishia kwenye kazi ya mwajiri, na swali linalofuata lina uwezekano mkubwa wa kuhusu omena, si hospitali. Lifanyie mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu, si kichwani. Mwombe kaka, mjomba, mwalimu wako wa zamani, mtu asiyekuonea huruma kupita kiasi, akuulize lile swali ghafla mkiwa mnakula. Ukijibu mara kadhaa bila sauti kubadilika, uko tayari.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni urefu. Mtu anaanza vizuri, halafu ukimya wa anayemhoji unamtia hofu, naye anaendelea: jinsi alivyozimia, jinsi walivyodhani karogwa, jinsi alivyopelekwa kwa mhubiri kabla ya hospitali, jinsi mume alivyomkimbia. Hayo ni maisha yake, na ni mazito, lakini intavyu si ushuhuda wa kanisani. Anayekuhoji hana la kufanya na huzuni hiyo isipokuwa kujiuliza kama umepona kweli. Ukimaliza sentensi yako ya nne, nyamaza. Acha yeye aseme.

Na huenda akasema: "Ulikuwa unaumwa nini hasa?"

Wengi huuliza kwa udaku wa kawaida tu, bila nia mbaya. Usimgombeze, wala usimsomee Katiba. Mjibu kwa adabu ile unayomjibia mtu aliyekuzidi umri: "Madam, mambo ya matibabu ningeomba yabaki kati yangu na daktari. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba kusimama mchana kutwa na kuhesabu mizigo ninaweza, na barua ya daktari ninayo ikihitajika." Ukiwa mbele ya mzee, sema "mzee." Ukiwa mbele ya meneja wa umri wako, "bosi" inatosha. Heshima ya namna hiyo inamruhusu aliyeuliza kurudi nyuma bila kuaibika, na wengi hurudi.

Barua hiyo ya daktari inafaa kutafutwa mapema, si baada ya kuulizwa. Nenda kliniki ulikotibiwa na umwombe afisa wa tiba akuandikie kwamba amekuchunguza na kwamba unaweza kufanya kazi ya aina fulani, kisha utaje kazi yenyewe. Mwambie wazi kwamba hutaki jina la ugonjwa liandikwe. Ana wajibu wa kutunza siri yako, na barua kama hiyo ni jambo la kawaida kwake. Ibebe kwenye bahasha, usiitoe mpaka iombwe.

Je, ukitaka kutaja ugonjwa wenyewe? Kuna wakati inafaa. Ulivunjika mguu, ulifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, ulipata ajali ziwani: kutaja kunaumaliza mjadala papo hapo, na hakuna anayekutazama kwa jicho la pembeni. Kifua kikuu ndicho kinachohitaji busara. Huku kwetu, ukisema TB mbele ya watu watatu, wawili wanasikia HIV, hata kama hukusema. Ukiamua kukitaja, kitaje pamoja na mwisho wake: ulitibiwa miezi 6, ulimaliza dawa, makohozi yalipimwa yakawa safi. Ongeza kwamba mgonjwa anayemeza dawa vizuri kwa kawaida huacha kuambukiza wengine baada ya wiki 2 hivi, sembuse aliyemaliza. Hilo si jambo linalojulikana na kila mtu anayeajiri, na ukilieleza kwa utulivu umemfundisha kitu. Lakini hulazimiki. Kama jina la ugonjwa linakutetemesha midomo, liache nyumbani.

Kuhusu uongo nitasema kwa ufupi. "Nilikuwa Kampala nafanya biashara" ni uongo mbaya zaidi wa kuutoa Busia, mji ambao nusu ya watu wake wana jamaa ng'ambo na huvuka asubuhi na kurudi jioni. "Nilikuwa nasoma" huitisha cheti. Na hata ukiaminiwa, umempa mwajiri silaha: siku akigundua, anaweza kukufuta kazi kwa sababu ya udanganyifu, ilhali ugonjwa wenyewe usingempa sababu hiyo.

Baada ya uongo, jambo lingine linaloponza watu ni mdhamini aliyetajwa bila kuambiwa. Umeandika jina la bosi wako wa zamani pale Malaba. Anapigiwa simu akiwa barabarani, anaulizwa habari zako, naye kwa nia njema kabisa anasema, "Huyo kijana alikuwa mzuri sana, ila aliugua vibaya, hata tulidhani hatapona." Kwa sentensi hiyo amekumaliza. Mpigie kabla ya intavyu. Mwambie umepona, mwambie kazi unayoomba, na mwombe aseme hivi: alifanya kazi vizuri, akaondoka kwa sababu za kiafya, sasa ni mzima. Watu wengi hufurahi kupewa maneno.

Ukizungumza naye, mdai pia cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi cheti hicho anapoondoka, isipokuwa tu kama alifanya kazi chini ya wiki 4 mfululizo. Kinataja jina la mwajiri, kazi uliyofanya, mahali, siku ulipoanza na siku ulipoacha. Sababu ya kuacha si sehemu ya yale yanayotakiwa kuandikwa humo. Wengi walioondoka wakiwa wagonjwa hawakukichukua, kwa sababu nani hufikiria cheti akiwa na homa? Rudi ukakiombe. Ni karatasi moja, lakini mbele ya meza ya intavyu inaonyesha kwamba kabla ya pengo kulikuwa na mtu wa kazi.

Sasa nitoe nafasi kubwa zaidi kwa wale ambao ugonjwa wao haukwishi: wanaoishi na HIV, wenye kisukari, wenye seli mundu, wenye kifafa, wenye sonona inayokuja na kuondoka. Kwao neno "yamekwisha" halitumiki, na mshauri anayewaambia walitumie anawasukuma kwenye uongo. Neno lao ni "imedhibitiwa." Jibu linakuwa hivi: "Nilikuwa na hali ya kiafya iliyohitaji muda wa matibabu. Sasa imedhibitiwa, niko chini ya uangalizi wa kawaida wa kliniki, na kwa mwaka uliopita haijanizuia kufanya lolote." Hapa mwaka uliopita ndio ushahidi wako, kwa hiyo hakikisha una kitu cha kuuonyesha: kibarua, biashara ndogo, kujitolea shuleni, hesabu za chama. Anayejibu hivi akiwa na miezi 6 au 12 ya kazi yoyote nyuma yake husikilizwa tofauti na anayetoka moja kwa moja kitandani. Kama bado una udhaifu, ni afadhali kuanza na kazi ya muda, hata ya malipo madogo, kabla ya kuomba ile kubwa. Nasema hivi nikijua njaa haisubiri, na wengi hawana nafasi ya kuchagua.

Kama unaishi na HIV, sheria ya Kenya iko upande wako waziwazi kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti HIV na UKIMWI inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi kama sharti la kupata kazi, na imeunda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko. Mwaka 2013, mahakama ya kazi jijini Nairobi iliamua kesi ya mwanamke aliyetambulishwa kwa herufi VMK pekee dhidi ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Alikuwa amepimwa bila ridhaa yake na kunyimwa ajira ya kudumu. Mahakama iliona kwamba alibaguliwa, ikaamuru alipwe karibu shilingi milioni 7. Kesi hiyo nimeitaja ili ujue kwamba mtu akikupa fomu ya kupimwa HIV kabla ya kukuajiri, unaweza kuikataa, na haki hiyo imewahi kusimama mbele ya jaji.

Kwa magonjwa mengine, Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, ujauzito, hali ya akili au HIV, na inamtaja si mfanyakazi tu bali pia mtu anayetafuta kazi. Haitaji kifua kikuu wala saratani. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inataja hali ya afya kwa upana wake, na inamkataza mtu binafsi kubagua sawa na inavyoikataza serikali. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Ukipewa fomu ndefu ya kuuliza magonjwa yote uliyowahi kuugua, una haki ya kuuliza habari hizo ni za kazi gani na nani atazisoma.

Haki hizo, hata hivyo, zina mahali pake. Ndani ya chumba cha intavyu hazikusaidii kupata kazi. Zinakusaidia kujua pa kusimama. Na hakuna anayekuandikia barua kwamba amekunyima kazi kwa sababu ya ugonjwa. Anasema nafasi imejaa. Basi ukitoka nje, kama ulisikia neno la ubaguzi, liandike siku hiyohiyo: nani alisema, alisema nini, nani alikuwepo. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo ofisi ya leba, au kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi mambo yakifika huko.

Lakini kuna mahali ambapo siri haifai, na sitaki kulipamba jambo hili. Kama una kifafa na unaomba kazi ya kuendesha trela au kuwa nahodha wa mashua inayobeba watu kuvuka ziwa, roho za wengine ziko mikononi mwako. Mwajiri lazima ajue, na huenda kazi hiyo isiwe yako. Omba ya ghala, ya mizani, ya ofisini. Vivyo hivyo, kazi za kushika chakula, iwe ni kiwanda cha samaki au jiko la hoteli, zina vipimo vya afya vinavyotakiwa kisheria kwa kila mtu. Kuvikubali si kujidhalilisha. Kinachopimwa pale ni kama utamwambukiza mlaji, na HIV haiambukizwi kwa sahani ya ugali.

Hofu nyingine ya mwajiri haihusu mwili wako hata kidogo. Anajiuliza kama kazi hujaisahau. Kwa karani wa forodha hili lina uzito: kila upande wa mpaka una mfumo wake, iCMS kwa Kenya na ASYCUDA kwa Uganda, na kanuni hubadilika mtu akiwa kitandani. Wiki chache kabla ya kuomba kazi, nenda kwa rafiki aliye ofisini ukae kando yake ukiangalia anavyoingiza tamko la mzigo siku hizi. Kisha ukiulizwa kuhusu pengo, sema umefanya hivyo. Mwalimu anayerudi darasani asome mtaala wa umilisi unaotumika sasa. Muuguzi ahakikishe leseni yake iko hai. Mambo haya madogo yana nguvu kuliko maelezo yoyote ya ugonjwa, kwa sababu yanageuza macho ya anayekuhoji kutoka kwa mwaka uliopita kuja kwa Jumatatu ijayo.

Wapo pia ambao hawakuugua wao. Mama yao alipata kiharusi, au mtoto alilazwa miezi, au maji ya mto Nzoia yalivunja kingo, familia nzima ikahamia kambini na wazee wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Hawa, na aghalabu ni wanawake, huandika "sikuwa na kazi" kwa miaka waliyofanya kazi kuliko wakati wowote. Waandike: "Nilimhudumia mzazi mgonjwa." Huku kwetu hakuna anayeidharau sentensi hiyo. Waongeze tu ni nani anayemhudumia sasa, maana hilo ndilo swali litakalofuata.

Na wewe unayeajiri, mwenye duka Busia, mwalimu mkuu, meneja wa kampuni ya malori: acha kuuliza "uliugua nini." Uliza "kazi hii ina zamu za usiku na kuinua magunia ya kilo 50, utaiweza?" Swali hilo linakupa unachokihitaji, na linamwacha mtu na heshima yake. Mwaka 2020, foleni ya malori ilipojipanga kilomita nyingi kutoka Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, madereva walijadiliwa afya zao na kila mpita njia. Tuliona wenyewe jinsi hali hiyo inavyomfanya mtu ajione mzigo.

Limebaki jambo moja, la siku utakayoambiwa kazi ni yako. Kama unahitaji siku za kliniki, huo ndio wakati wa kuziomba, baada ya kukubaliwa na kabla ya kutia sahihi. Hesabu kwanza. Wengi wanaomeza dawa za HIV na hali zao ni thabiti hupewa dawa za miezi 3 kwa mara moja, yaani asubuhi 4 kwa mwaka. Mwambie bosi: "Nitahitaji asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu, na nitaifidia Jumamosi." Akikubali, mtumie ujumbe mfupi jioni hiyo kumshukuru na kuyarudia mliyokubaliana, ili yawepo kwenye simu zenu wote wawili.